Siri Niliyoipigia Kelele Posta

Dada yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka hapa kwetu Nyamirambo. Baba Saida anakusalimu. Bado yuko barazani na cherehani yake, ila macho yamepungua, uzi wa sindano namtungia mimi. Mume wako Ramadhani anakusalimu, goti linamsumbua, na mke mwingine hajaoa, ukimuuliza anasema bado anatafuta. Mwanao Amina anakusalimu kutoka Kabeza, ana watoto watatu sasa, na huyu wa mwisho tumempa jina lako. Ana kelele kukushinda. Majirani zako wote wanakusalimu, hata yule wa ng'ambo ya njia mliyegombana naye kwa sababu ya kuku. Saida wangu angekusalimu mwenyewe, lakini yuko mbali, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haikai.

Dada, nimekukosea. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa mwingine.

Unakumbuka Saida alipokuwa mdogo alivyokuwa akikata panzi kuona ndani kuna nini, wewe ukasema huyu mtoto atakuwa mchinjaji? Basi alipata buruse, ule msaada wa kulipiwa masomo, akaenda Ubelgiji, akasoma mpaka sisi tukashindwa kusema anasoma nini. Baba yake watu wakimuuliza anajibu tu, "Anasoma." Mwaka jana aliniandikia kwa Kiswahili chepesi ili nielewe. Anasema mwili wetu umejengwa kwa vichembe vidogo usivyoweza kuviona. Kila kichembe kinajigawa, vinakuwa viwili, vinajigawa tena, mpaka vinafika mahali vinachoka, vinazeeka, vinaacha. Vile vya saratani ya matiti vimekataa kuzeeka. Yeye anaviotesha ndani ya vichupa, vinaendelea na kuendelea, hata mwenye mwili vilikotolewa ameshazikwa. Kazi yake ni kutafuta kitu gani kimevisahaulisha uzee. Niliposoma niliwaza cherehani ambayo pindo limekwisha na yenyewe inashona tu. Nikamwandikia, kwani mwanangu, kuzeeka si ubaya? Akajibu, "Mama, kuzeeka ndiko kunatulinda."

Niliona fahari. Nilizunguka na ile barua kwa majirani. Sikujua kwamba ugonjwa anaousema ndio ule wako.

Halafu miezi mitatu iliyopita akaandika tena, safari hii fupi. Alikuwa anaoga akagusa kitu ndani ya ziwa, kidogo kama punje ya haragwe. Nisishtuke, anasema, huenda si kitu. Ila madaktari wanauliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuugua saratani ya matiti. "Wewe, mama? Bibi? Mama mkubwa Mwajuma?"

Dada, niliirudia barua ile mara nyingi sana. Nikakumbuka siku zako za mwisho, ulivyonishika mkono ukaniambia nikuoshe mimi, nisimwachie mtu. "Utakachokiona kiende na maji." Nami nilikuosha. Nilimwaga maji ya kafuri taratibu, nikakufunika upande ule kwa kitambaa kabla wenzangu hawajageuka. Niliona lile ziwa la kushoto lilivyokuwa limeliwa. Watu tuliwaambia ni malaria iliyopanda kichwani. Anayeosha maiti hatoboi alichokiona, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mimi sikutoboa, si kwa mumeo, si kwa wangu, si kwa Amina.

Basi nikamwandikia Saida: hakuna. Nikapiga na mstari chini ya neno.

Jibu lake lilinikuta nachambua mchele. Alikuwa na furaha. Anasema daktari ameona yeye bado kijana na katika ukoo hakuna mtu, kwa hiyo wangoje miezi sita kisha wamtazame tena. "Umenipunguzia mzigo, mama." Hapo mchele wote ulinimwagikia chini.

Nikaenda kwa mwalimu wa msikitini. Nikasema kuna jirani yangu, aliosha maiti, ana jambo. Nikaeleza lote kwa jina la jirani. Mwalimu alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Mwambie huyo jirani, tunasitiri aibu ya maiti. Ugonjwa ni aibu?" Nikaaga. Nilipokuwa nimeshavaa viatu akaniita, "Na huyo jirani afanye haraka."

Barua ingechelewa, wiki tatu njiani, na sijui ingemkuta katika hali gani. Telegramu nayo karani lazima aisome. Nikachukua namba ya mahali anapofanyia kazi, nikaenda posta mjini kupiga simu. Nilijiambia nitaingia kwenye kile kibanda, nifunge mlango, niseme polepole kama tunavyosemezana jikoni. Kumbe mlango haufungi. Na karani ananiambia, "Laini ya leo mbaya, mama, sema kwa nguvu." Nyuma yangu mstari wa watu, na kati yao Mama Sefu muuza vitenge, huyohuyo unayemjua.

Saida akashika simu. Neno lake la kwanza, "Mama? Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa sasa, waliokufa ni wa zamani. Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Basi dada, nilifumba macho nikapiga kelele:

"Mama yako mkubwa alikufa kwa ugonjwa wa ziwa! Na bibi yako vilevile!"

Posta nzima iligeuka kunitazama. Hata yule anayegonga mihuri aliacha kugonga. Nilijiona nimekufunua sanda mbele ya watu.

Nikadhani laini imekatika. Halafu Saida akauliza kwa sauti ya kazi, si ya mtoto wangu: ziwa la upande gani, walikuwa na umri gani. Nikapiga kelele majibu yote. La kushoto. Alikuwa hajafika arobaini na tano. Bibi sijui, lakini mimi nilikuwa bado sijaolewa. Akasema, "Singoji miezi sita. Kesho asubuhi naenda." Ndipo sauti ikageuka ikawa yake. "Mama, mbona…" Laini ikakatika.

Jioni hiyohiyo Amina alikuwa hapa. Habari ilifika Kabeza kabla mimi sijapata basi la kurudi. Aliingia, hakusalimu, akakaa kwenye kiti chako. Nilimpa chai, ikapoa. Mwishowe akasema lile ambalo Saida hakulimaliza. "Mama mdogo, mbona hukuniambia? Mimi ni mwanawe."

Dada, miaka yote hiyo nilidhani nakusitiri wewe. Kumbe nilikuwa namficha mtoto wako.

Na wewe je? Nakuuliza kwa heshima, wewe mkubwa wangu. Ulipokuwa umelala kwenye kile kitanda ndipo uliponinong'oneza kwamba mama yetu alikuwa hivyohivyo, na kwamba wewe ndiye uliyemwosha. Ulijua tangu ujana wako. Ungeniambia, ungekubali mwenyewe mapema, labda ungetibiwa, nani ajuaye. Wewe ulimwosha mama ukanyamaza. Mimi nilikuosha wewe nikanyamaza. Sitaki kumwosha Saida. Sitaki kumwosha Amina. Ndiyo sababu nilipiga kelele. Kama ni kosa, ni hilo.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu simu ile. Barua ya Saida haijafika, na wiki tatu za njiani najua hazijatimia. Kila nikimwona mtu wa posta napata kiu. Baba yake anajifanya hana wasiwasi, lakini jana alishona suruali miguu yote miwili upande mmoja.

Amina amenisamehe nusu. Jumatatu tunaenda naye hospitali, na mimi nitavua vilevile, daktari atanigusa, hata akiwa kijana ninayeweza kumzaa. Nakuahidi hilo. Na huyu Mwajuma mdogo akikua nitamwambia mwenyewe, kwa jina la ugonjwa wenyewe, si malaria.

Barua hii naikunja ndani ya kitenge chako cha ndege, kile ambacho sikuweza kumpa mtu. Lala salama dada yangu. Lakini usikawie kunijibu. Wewe ulizoea kunijia ndotoni, na tangu nitoke posta hujaja. Njoo kabla ya barua ya Saida. Kama umekasirika, njoo na hasira yako hivyohivyo, ila njoo upesi.

Mdogo wako,
Zubeda