Kicheko cha Upande wa Pili wa Ukuta

3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila vidole vimejaa vibanzi.

Tangu tumzike kaka yako sikuwa nimekaa katika karakana yake ya nyuma. Juzi nilikwenda kutafuta bisibisi tu, nikajikuta humo mpaka jioni. Jua la dirishani liliangukia maranda ya zamani, upepo ukayainua polepole, nikaona kama nimo chini ya maji. Nikashika randa. Mimi, mshona mapazia! Nikaranda ubao mmoja mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto.

Nakutumia kitabu chake cha useremala, kile chenye jalada la kitambaa, kilichochapwa kabla hatujazaliwa. Anza na sura ya viungo vya mbao. Mwandishi hana haraka na mtu: anaeleza kunoa patasi kurasa nenda rudi, na ukimaliza unajihisi umenolewa wewe. Michoro ni ya mkono, hata kivuli cha msumari kimo. Kabati usijaribu kulitengeneza kwanza. Mimi nimeanza nalo, na mlango wake unafunguka upande unaoutaka wenyewe.

Nawe nitafutie riwaya ya kuchekesha. Nyumba imekuwa kimya mno.

Wifi yako

29 Machi

Wifi,

Salamu nyingi kutoka huku mapokezi hotelini. Kifua kimepoa, asante. Kilichobaki ni kikohozi cha kuigiza, cha kuwashtua wageni wanaochelewa kurudisha funguo.

Kitabu kimefika. Nilikilaza kifuani nikasinzia nacho; kinanukia gundi, kinanukia kaka. Nimeshatengeneza rafu hapa kwenye roshani. Jirani wa chini akaja juu kwa sababu ya vumbi, nikamwambia hilo ni vumbi la elimu. Rafu yenyewe imeinama kidogo, vitabu vyote vinateleza na kulaliana upande mmoja kama watoto kitandani.

Nakutumia riwaya mbili walizosahau wageni vyumbani. Moja ni ya mkuu wa stesheni aliyepoteza treni nzima. Anaona haya kusema, basi kila abiria anayeuliza anaambiwa akanywe chai kwanza. Ukifika katikati, mji mzima unakunywa chai. Hiyo ndiyo yenyewe! Ya pili ni ya mapacha wanaogombea bwana harusi. Nayo si mbaya, lakini mwandishi anacheka kabla yako, kwa hiyo ruka kurasa bila kuona haya. Ila ya treni usiisome ukiwa na pini mdomoni.

Nilimwota kaka. Alikuwa akiranda ukungu, ukitoka vipande virefu, vyembamba, na kila kipande kikaenda zake dirishani. Niliamka nimetulia.

Wifi yako

17 Mei

Wifi mpenzi,

U mzima? Roshani bado imesimama?

Riwaya ya treni nimeimaliza nikairudia. Kisha nikamwazimisha fundi saa, yule mpangaji wangu mpya, ambaye chumba chake na karakana vimetenganishwa na ukuta mmoja. Mtu mkimya huyo, hata salamu anaitoa kama anaipima. Basi siku moja mvua inanyesha, mimi napiga msasa, nikasikia kicheko ukutani. Kilianza kama mlango usiotiwa mafuta, kisha kikafunguka chote. Nikajua amefika kwenye chai. Nami nikaanza kucheka, msasa mkononi, mpaka kwa ile mvua sikujua kicheko kipi ni changu na kipi ni chake.

Siku hizi jioni anakuja kunisomea huku nikiranda. Nakuandikia mapema usije ukayasikia kwa watu: ameniomba tuoane. Sijamjibu. Riwaya uliileta wewe, kwa hiyo umekuwa mshenga bila kutumwa. Nataka neno lako kwanza.

Wifi yako, kama bado unaniita hivyo

2 Julai

Wifi,

U mzima kweli? Natumai barua yangu ilifika, na saa nyingine natumai ilipotea. Karani wa posta sasa ananiambia "bado" kabla sijafungua mdomo.

Karakana nimeifunga. Fundi saa nimemwambia asubiri. Akasema kusubiri ndiyo kazi yake. Kama umekasirika, nigombeze kwa maandishi, nitayasoma yote. Kimya chako ndicho nisichokiweza. Ukisema hapana, itakuwa hapana. Mume nilishampoteza. Na wewe tena? Siwezi.

Wifi yako

9 Agosti

Wifi,

Mimi mzima. Barua zako zilifika zote. Ile ya Mei niliitupa kwenye droo ya funguo, nikaona kaka anakufa mara ya pili, tena kwa riwaya niliyoipeleka kwa mkono wangu.

Juma lililopita nikapanda basi nije tugombane. Hukuwepo, ulikuwa umekwenda kutundika mapazia ya watu. Nikamkuta fundi saa mlangoni kwake. Nikavua saa yangu nikamwambia imeharibika. Akaifungua, akaisikiliza weee, akasema, "Saa haina ugonjwa, dada. Mwenyewe je?"

Nikamwuliza ile karakana iliyofungwa ni ya nani.

"Ya marehemu mume wa mama mwenye nyumba."

"Na wewe huingia?"

"Nikiitwa. Ila hubisha hodi, hata mwenyewe akiwa ameshanikaribisha. Naye anajua nambishia nani."

Akanivalisha saa yangu. Sikukusubiri, wifi. Ningekuona ningelia mbele za watu, na nililia vya kutosha ndani ya basi, mpaka abiria wa pembeni akanipa dirisha. Nilitaka awe mjinga, au mkorofi, nipate la kusema. Hakunipa hata moja.

Olewa naye. Kaka hakuwa na mtu wa kumbishia hodi tangu aondoke, sasa anaye.

Nimeomba likizo, naingia Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nina riwaya mpya ya daktari wa meno anayeogopa midomo ya watu, mtaigombania. Mpe fundi saa salamu, ila usimwambie kuwa yule wa saa nzima ni mimi. Niachie mwenyewe nimwambie. Na fungua hiyo karakana ipate hewa.

Wifi yako