Kibuyu cha Mashahidi na Gari Jeusi la Faradji

POLISI YA TERITWARE, KITUO CHA GISENYI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wellars Twagirimana
Umri: miaka 31
Kazi: karani wa ghala la kahawa
Makazi: Gisenyi
Dini: Mkatoliki
Yameandikwa tarehe 14 Juni 1956, kuanzia saa tatu asubuhi, mbele ya Brigadia Sibomana.

Nimekuja mwenyewe bila kuitwa. Tarehe ninazozitaja zimo katika kitabu changu cha kila siku, ambacho nimekuwa nikiandika tangu nikiwa sekondari. Mambo yenyewe nayakumbuka bila kitabu.

Faradji, ambaye sasa amefungwa katika kituo hiki, ni jirani yangu. Anauza vitambaa, na hadi mwezi uliopita alikuwa na lori moja la kubeba mizigo ya wafanyabiashara. Tangu hoteli za ziwani zianze kujaa wageni, alikuwa akisema kwamba mizigo inamzeesha, afadhali abebe watu wanaolipa wakiwa wamekaa. Kwa kazi hiyo alihitaji gari zuri.

Bwana Verlinge ana garaji huko Goma na huuza magari yaliyokwisha kutumika. Mbonigaba, mume wa dada yangu Mukantwari, anafanya kazi kwake. Ndiye aliyetuletea habari kwamba kuna gari la Kimarekani, jeusi, viti vya ngozi, lililoachwa na daktari aliyerudi Ulaya.

Mnamo tarehe 16 Mei, siku ya Jumatano, saa kumi jioni, tulilijaribu kwenye mlima wa barabara ya Ruhengeri. Mbonigaba aliendesha. Faradji alikaa nyuma peke yake, ameshika ukanda wa mlangoni kama mgeni wa hoteli. Maji ya injini hayakuchemka. Tulipogeuza kule juu Mbonigaba aliniambia, "Shemeji, kama hii gari ni mubaya, munichape mimi."

Tarehe 19 Mei, Jumamosi, wiki moja baada ya Idi, Bwana Verlinge alilileta gari nyumbani kwa Faradji, hapa Gisenyi. Mapatano yalikuwa kwamba Faradji atoe lori lake na kuongeza faranga elfu kumi na mbili. Fedha zilitolewa mezani na funguo za lori zikawekwa juu yake. Niliomba karatasi ya mauzo. Bwana Verlinge alijibu kwa Kiswahili, kwa kuwa anakijua vizuri:

"Bon. Karatasi ya gari iko Bukavu, itakuja. Lakini nyinyi watu wa huku, karatasi ya nini? Kwenu mutu akikunywa pombe, anakuwa shahidi. Donc, leteni pombe."

Huku kwetu anayenunua ng'ombe au shamba hutoa pombe, na wanaoinywa ndio watakaosema kesho nani alimpa nani kitu gani. Kwa Kinyarwanda inaitwa inzoga y'abagabo. Sikuwahi kumwona mzungu akiidai. Ilinipendeza.

Faradji ni Mwislamu. Alisema, "Mi sikunywaka, Bwana. Lakini wenye kunywa nitawanunulia." Akamtuma mtu kwa dada yangu, anayepika pombe ya ndizi, na dada akaja mwenyewe na kibuyu na mrija. Alipoliona gari alicheka.

"Gari kubwa namna hii, na munaniomba kibuyu kadogo! Ya ng'ombe naletaka mutungi."

Bwana Verlinge akasema, "Mama, hii haina pembe."

Faradji akasema, "Haina pembe, lakini nitaikamua."

Tulicheka sote. Kisha Bwana Verlinge alisimama, akaweka mkono juu ya gari, akasema, "Hii gari imekuwa ya Faradji, lori imekuwa yangu." Akavuta mrija wa kwanza. Mimi nilikuwa shahidi wa Faradji. Nikasema "nimesikia," nikanywa. Mbonigaba alikuwa shahidi wa bwana wake. Akasema "nimesikia," akanywa, tena alikunywa kuliko sisi wote. Faradji alikunywa chai. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni akingoja kibuyu chake. Simtaji kuwa shahidi, kwa maana mwanamke aliyeleta pombe hahesabiwi, na sitaki asumbuliwe.

Wiki tatu Faradji alifanya kazi na gari lile. Alilifuta vumbi kila mara liliposimama. Karatasi za Bukavu hazikuja.

Tarehe 9 Juni, Jumamosi, kama saa nane mchana, nilikuwa nimekaa na Faradji ndani ya gari mbele ya hoteli. Bwana Verlinge alikuja kwa miguu, akainama dirishani.

"Faradji, nirudishie hii gari. Iko na mutu wa mashamba anaitafuta kwa madame yake. Nitakupa ingine."

"Bwana, hii tulikwisha. Watu walikunywa."

"Watu walikunywa, ndiyo," alisema Bwana Verlinge. "We ulikunywa chai."

Akaondoka. Faradji alinigeukia akitabasamu, akaniuliza kama huo ni mzaha wa Kizungu. Nilimjibu kwamba nadhani ni mzaha.

Jumatatu tarehe 11 Juni, saa mbili asubuhi, askari walimkamata Faradji mahali palepale, abiria wawili wakiwa ndani ya gari. Walimfunga mikono kwa kamba. Nilikuwa napita kwenda kazini. Aliponiona alisema, "Wellars, waambie." Nikawaambia. Askari mmoja alinijibu kwamba maneno hayo niyapeleke kituoni.

Kituoni nilielezwa kwamba Bwana Verlinge ameshitaki wizi: kwamba gari aliliazima kwa ajili ya harusi, wala hakuliuza; kwamba lori liliachwa garajini litengenezwe; na kwamba Mbonigaba amekubali kuwa ndivyo ilivyokuwa. Hilo la mwisho sikuliamini. Nilifikiri Bwana Verlinge amemsemea, na kwamba Mbonigaba mwenyewe hajaulizwa.

Kwa hiyo Jumanne tarehe 12 Juni niliomba ruhusa kazini, nikavuka mpaka kwenda Goma ili nimchukue tuje hapa pamoja. Sikufika garajini. Njiani palikuwa na lori la kijani likipakua matofali. Lori la Faradji lilikuwa jekundu. Lakini kiti cha dereva kilifunikwa kitambaa cha maua ya manjano ambacho Faradji alikishona mwenyewe. Mke wangu ana gauni la kitambaa hichohicho. Mbonigaba alikuwa amekikalia.

Nilimwambia, "Shuka twende. Faradji analala kwenye saruji."

"Mi sina kitu ya kusema kule."

"Ulikunywa."

"Shemeji, siku ile jua ilikuwa kali. Mutu akipewa pombe anakunywa."

"Ulisema nimesikia."

Alishika usukani. Kisha akasema, "Kwanza nilikuwa naosha magari ya watu. Sasa niko na lori. We uko na shule, we utapata kazi popote. Mi niko na watoto."

Nilimwambia kwamba watoto hao ni wapwa zangu. Akawasha lori. Kabla ya kuondoka aliniomba nisimwambie dada yangu. Sijamwambia.

Siku ya arusi yangu Mbonigaba ndiye aliyesimama kando yangu kanisani. Hadi Jumanne hiyo ningemwachia ufunguo wa nyumba yangu bila kufikiri. Naomba jambo hili liandikwe ingawa halihusu gari.

Naomba pia iandikwe kwamba lori linalosemwa kuwa liko garajini kwa matengenezo linabeba matofali kila siku na limepakwa rangi mpya. Na kwamba Faradji alikunywa chai kwa sababu ya dini yake, na Bwana Verlinge alilijua hilo wakati anaomba pombe.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa. Nimeyasoma mwenyewe na sina neno la kuondoa. Nilikunywa, na nilisikia.

(Sahihi) W. Twagirimana

MAANDISHI YA BRIGADIA: Shahidi ametia sahihi mbele yangu saa tano kasorobo. Alipotoka alimkuta mlangoni mwanamke mwenye watoto wawili, mmoja mgongoni, na kibuyu mkononi. Amesema yeye ni Mukantwari, mke wa Mbonigaba. Nilimwuliza kama kaka yake ndiye aliyemwita. Akajibu: "Hapana. Rangi ya kijani iko kwa nguo ya bwana yangu, na nguo mi ndiye naifua." Nilimwambia kwamba mashahidi waliokunywa wanajulikana, na yeye si mmoja wao. Akajibu: "Mi sikunywa. Lakini nilisikia, na hakuna mutu aliniuliza."

Nimempa kiti. Naanza kuandika maelezo yake.

Sibomana, Brigadia