Mkono Ambao Sikuunyosha

Kwa Baba yangu, Kinyangiri.

Shikamoo Baba. Nakuamkia pia kwa miezi yote ambayo barua zangu zilikuwa fupi kama za karani. Mvua zimeshika huko? Uwele umesalimika na ndege? Na goti lako je, bado linauma ukikaa sana barazani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza haina adabu, inakufuata mpaka kitandani.

Masomo ya ualimu yanakwenda. Lakini leo nina jambo limenikaa rohoni, na wewe ndiye wa kuambiwa.

Karibu na hapa ninapolala anakaa Mzee Tomu, mtunza uwanja wa mpira. Timu yake si zile kubwa zinazotangazwa redioni. Ni ya wafyatua matofali wa mji huu mdogo, wanacheza Jumamosi wakitoka kazini, na watazamaji ni wake zao na mbwa. Nimekuwa nikimsaidia kuchora mistari kwa chokaa, naye ananisimulia habari za timu kama wewe unavyosimulia za ukoo. Walianza zamani, baba yake akiwemo, kando ya shimo la udongo. Mpira ukitumbukia, mchezo unasimama mpaka mtu ashuke kuufuata. Vita vya kwanza vikawala saba. Wadogo zao wakavaa fulana zile zile, wakaendelea. Vita vya pili uwanja ukalimwa viazi, na vilipokwisha Mzee Tomu akasawazisha matuta kwa sepetu, peke yake. Kikombe wamepata kimoja tu tangu waanze, na mkewe anakitia maua! Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka. "Wewe ni wetu sasa," akasema, akaniandikisha uanachama.

Mwezi uliopita wanachama tukaitwa mkutanoni. Vijana wamepungua, wengi wamehamia miji mikubwa, na baadhi ya watu wakataka timu ivunjwe, uwanja ujengwe nyumba. Mzee Tomu akasimama, kofia mkononi. "Tumeanza upya mara mbili," akasema. "Hata ya tatu tutaweza." Akakaa. Wakapiga kura kwa kunyosha mikono. Kumi na mmoja, ivunjwe. Kumi na mmoja, iendelee. Chumba kizima kikanigeukia mimi.

Baba, nikatazama chini. Mgeni hasemi penye shauri la wenyeji, ndivyo ulivyonilea. Nikamkumbuka yule Mnyaturu aliyehamia kwetu kutoka Mungaa. Miaka yote hiyo, kwenye vikao vya malisho hajafungua kinywa, nawe unamsifu kwa adabu yake. Nikaona nami nifanye hivyo hivyo. Mwenyekiti akangoja, akakohoa, kisha akatumia kura yake mwenyewe: ivunjwe.

Njiani Mzee Tomu akaniuliza, "Kwa nini, kijana wangu?"

Nikamjibu kwamba mimi ni mgeni.

Akasimama. "Nani alikuambia hivyo? Mimi sikukuambia."

Basi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, ningepata usingizi.

Kesho yake akaniletea daftari la timu, maana mikono yake siku hizi inatetemeka, nimwandikie habari za mkutano ule wa mwisho. Nikaandika kura za huku na za huku. Nikaandika: mmoja hakunyosha mkono.

"Andika jina," akasema. "Humu kila mtu ana jina lake."

Nikaliandika, Baba, langu na lako pamoja. Baada ya hapo kurasa ni tupu.

Najiuliza sana siku hizi kuhusu yule bwana wa Mungaa. Labda si adabu tu. Labda hatujawahi kumwambia kwamba ni wetu.

Mwambie Mama sijakonda, asisikilize maneno ya watu. Msalimie shangazi na mbuzi wake wakorofi, na dada yangu aliye kwa mumewe kule Mandewa. Nimsalimu pia mwinjilisti anayekusomea barua hii; nakuomba, mwinjilisti, usiruke mstari hata mmoja.

Mzee Tomu bado ananiita kula kwake Jumapili. Naenda. Najua moyo wako, Baba, utataka kunijibu kwamba nilifanya vyema. Nakusihi, usiniandikie hivyo.

Mwanao,
Elia