Lakiri ya Don Evaristo

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Don Evaristo amerudi kutoka hospitali ya mjini. Siyo kwamba amepona. Wamemrudisha tu. Binti yake, Delmira, kaniambia getini kwao kwa sauti ya chini, anafuta mikono kwenye aproni na mikono yenyewe mikavu. Mapafu. Siku chache, labda wiki. Nikamwambia hata mimi daktari wa Asunción aliwahi kunizika kwa mdomo, na hadi leo namaliza mbavu za ng'ombe peke yangu. Hakucheka. Na utani wangu huwa haukosi mtu!

Mzee nimemkuta amekaa kitandani, amepungua, shingo inaelea ndani ya kola. Macho ni yale yale. Hakutaka pole. Anataka jambo moja. Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Martino, vigari vya mbio vya zamani vitakimbia tena kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghala ya nafaka, na dirisha lake linatazama huko huko. Anataka kuisikia injini yake. Ile aliyoitengeneza yeye, niliyoshinda nayo mimi mwaka themanini na moja. Mara moja tu, halafu basi.

"Kasuku," akasema — hapa kijijini wote wananiita Kasuku, sijui kwa nini — "kigari kiko salama?"

Nikasema kiko vile vile alivyokiacha. Na ni kweli! Kimelala ghalani kwangu chini ya turubai tangu nilipooa mara ya pili.

Nimekwenda kukifunua. Mabomba ya fremu yameshika kutu kidogo. Matairi ya nyuma, yale manene ya kula matope, yamepasuka lakini yanashika upepo. Namba 7 bado inasomeka. Nikaweka gia, nikakisukuma. Magurudumu yanaburuzika tu, injini haigeuki hata unywele. Pistoni imejam ndani ya silinda.

Na pale juu ya silinda, waya na lakiri. Kidonge cha madini ya risasi chenye herufi E.B.

Hilo ndilo tatizo langu, siyo kutu. Mafundi wa mbio wa huku, mtu akimaliza injini anapitisha waya kwenye bolti za silinda, anafunga kwa risasi, anaibana kwa koleo lenye alama yake. Hakuna anayeikata risasi ya mwenzake akiwa hai. Halijaandikwa popote hilo, walipatana tu. Enzi zile hata wakaguzi waliangalia lakiri, wakagusa kofia, wakapita. Akishakufa fundi, mjane hukabidhi injini, watu wanafungua, wanasema maskini, kumbe alifanya hivi.

Sasa nikate risasi ya Evaristo naye anapumua upande wa pili wa barabara? Si bora niende kumpima urefu wa jeneza.

Jumanne, 6 Novemba

Nimeitwa redioni. Nazareno Giupponi, bingwa wa vumbi! Mtangazaji alinipa dakika tano nikachukua nusu saa. Nimewaeleza Brazili yote, na Chile, na yule ofisa wa forodha niliyemlaza kwa kadi za truko. Kisha ile kona ya mwisho ya themanini na moja — wengine wote walikanyaga breki, mimi nikakanyaga mafuta.

Basualdo, mkaguzi wa klabu, naye alikuwepo studio na ile kalipa yake, chuma cha kupimia chenye taya mbili. Haachani nayo, utadhani padri na rozari. Akasema kwa uchokozi kwamba siku hizi kila injini inapimwa, hata za mababu. Nikamjibu hapo hapo hewani: "Njoo upime, Basualdo, na miwani ulete. Mimi sikushinda kwa injini, nilishinda kwa hii." Nikainua mikono miwili. Mtangazaji akanikumbusha kwamba ni redio.

Mji mzima umesikia. Kwa muuza mkate wamenishangilia.

Nyumbani nimemwaga dizeli kwenye tundu la plagi, nikasubiri, nikanywa chai ya yerba kibuyu kizima. Nikasukuma. Haijasogea.

Jumatano, 7 Novemba

Leo nimepata akili. Nyuma ya banda nina injini ya pikipiki, karibu pacha wa ile. Nikasema: naibadilisha. Mzee atasikia mlio, atafurahi, nani atakayemwambia?

Nikaitoa ya zamani bila kugusa waya, nikaifunika kwa blanketi. Ya pikipiki ikakataa kukaa, kabureta inagonga kiti. Nikaigeuza, mbele ikawa nyuma. Ikakaa vizuri! Cheni upande wa pili, bolti nne, kazi imekwisha. Nikajisifu mwenyewe kwa sauti.

Ikawaka. Nikapanda, gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Nyuma! Kigari kimeondoka kinyumenyume kama kimeona nyoka. Maana ukigeuza injini unageuza na mzunguko wake, jambo ambalo hata mtoto anajua, ila mimi nilikuwa najisifu. Nimetokea upande wa nyuma ulio wazi, nimepita uzio, nimeingia kwenye banda la kuku kwa mgongo. Kuku mmoja amekufa. Bega linaniuma.

Baadaye Delmira kavuka barabara. Baba anauliza ni nani anachezea pikipiki kwa Kasuku, na kwa nini anakwenda kinyumenyume.

Nikamuuliza amejuaje, na kitandani hapo haoni hata mti.

"Anasema mlio umeanzia ghalani ukaishia kwa kuku," akasema Delmira, "na ghala lako mlango unatazama barabarani, kuku wako nyuma."

Akacheka kidogo. Halafu akafunika uso kwa aproni, na haikuwa kicheko tena. Nikampa yule kuku. Sikujua nimpe nini kingine.

Kwa hiyo masikio yale hayadanganyiki. Ni injini yake au hakuna.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimeshika koleo. Nimeliweka chini. Nimelishika tena.

Nimekwenda mjini kununua ringi mpya ya pistoni, maana ikifunguliwa — ikifunguliwa! — ya zamani haitafaa. Muuzaji akauliza kipimo gani. Nikamwambia cha sheria, milimita hamsini na nne, kwani mashindano yetu yana kipimo kingine?

Nimepita kwa mzee. Ana bomba la hewa puani. Nimekaa kimya dakika nzima, Delmira akaja kuchungulia kama na mimi naumwa.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimeiweka injini kwenye toroli na blanketi lake, nimevuka nayo barabara mchana kweupe, nimeiingiza hadi chumbani kwa mgonjwa. Delmira nusura anizabe kofi. Ameosha sakafu asubuhi.

Nikamwambia mzee ukweli wote. Imejam, haigeuki, isipofunguliwa Jumapili utasikia vigari vya wengine. Na mimi sikati.

Aliitazama muda mrefu. Akapapasa silinda kwa kidole, vile mtu anavyopapasa kichwa cha mjukuu. Kisha akanyoosha mkono, nimpe koleo.

Ule mkono unatetemeka hata akishika kijiko. Nikaweka kiganja changu chini yake. Chini tu, sikumshika. Akakosa waya, akakosa tena. Delmira alikuwa anatazama ukuta. Kisha, tak! Risasi imeangukia shukani. E.B.

"Ringi unayo?" akauliza.

Nikamwonyesha ya dukani, bado iko kwenye karatasi yake. Hakuipokea.

"Hiyo tia mfukoni. Chini ya kitanda kuna kopo la biskuti. Tumia zilizomo humo." Akavuta hewa. "Na usiziweke pamoja, Kasuku. Yako na yangu. Usizilaze pamoja."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu nimekuomba."

Kopo nimelipata. Ringi zimefungwa kwenye karatasi yenye grisi, safi, hazina kutu, kama zilinunuliwa jana. Nimetia moja mfuko wa kulia. Ya dukani iko wa kushoto.

Mimi shule niliacha darasa la sita nikapanda trekta, lakini sikuacha akili huko. Ukilaza ringi mbili moja juu ya nyingine, jicho linaona. Zikilingana, basi. Ya mzee ikizidi, silinda yake imezidi, na silinda ikizidi injini inakula mafuta kuliko za wengine, inazizidi nguvu. Na mwaka themanini na moja ule… Nimekula nyama choma za bure kwa ushindi ule tangu nikiwa na nywele. Nina picha ukutani. Wanangu wamekua chini ya picha ile.

Na nimemwita Basualdo aje apime. Redioni. Na miwani!

Sijazilaza pamoja. Nimekula chakula na mikono juu ya meza, kama mtu aliyekamatwa.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimeifunga injini huko huko chumbani kwake, magazeti yametandazwa sakafuni. Pistoni ilitoka kwa moto wa jikoni na nyundo ya mbao. Ringi ya kwenye kopo imeingia ndani ya silinda ikakaa kimya, haina hata pa kutikisika. Nikasema tu imekaa. Mzee akasema najua.

Sikutazama sana. Nilifunga silinda haraka, kama mtu anayefunga mlango wa choo chenye mtu ndani.

Halafu lakiri mpya. Delmira aliyeyusha risasi za ndoano zangu za samaki kwenye kikaango cha mayai. Mzee akabana kwa koleo lake lenye alama. E imetoka, B haionekani vizuri. Ilimchosha hiyo, tukamlaza.

Nikasema niiwashe uani tujaribu. Akakataa. Injini isiyobeba mzigo haisemi kitu, anasema, anaitaka uwanjani, kwenye ule mnyoosho mrefu unaokuja upande wa dirisha lake, gia ya mwisho. Na nitie mafuta ya nyonyo kwenye petroli, siyo haya ya kisasa yasiyo na harufu.

Nikabaki. Delmira alikuwa jikoni. Nikamuuliza — utani wote ulikuwa umeniishia — don Evaristo, nilishinda au sikushinda?

Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Ile kona ya mwisho," akasema, "injini ilikuwa imefungiwa mafuta. Nilisikia."

Uongo! Nilikanyaga mafuta pale, nimesema hivyo maisha yangu yote. Au nilikanyaga baada ya kona. Sasa sijui. Ameniachia hapo akalala kweli.

Tumekubaliana na Delmira: baba akiisikia, yeye atatundika shuka jeupe dirishani, nilione nikiwa uwanjani.

Jumapili, 11 Novemba

Naandika nimekaa kwenye trela, mbio za kwanza zimekwisha. Mkono umejaa grisi, haya madoa ni yake.

Iligoma! Watu wanne walisukuma hadi wakaishiwa pumzi, kipaza sauti kinanitania, bingwa huyo amekuja na mkokoteni. Nikasema moyoni, mzee, usinifanyie hivi. Sukuma ya mwisho, nikaachia klachi, na ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikalia.

Nilikuwa nimeisahau. Jamani, nilikuwa nimeisahau kabisa! Ule mlio mwembamba, mkali, kama bati linapasuliwa bila kukoma. Na harufu ya nyonyo. Wazee wawili pale kwenye kamba walivua kofia bila kuambiana.

Mzunguko wa kwanza nilitazama dirishani, hakuna kitu. Wa pili, vumbi tu. Nikaingia mnyoosho nikafungua mafuta yote, gia ya mwisho, meno yanagongana, namwelekezea mzee moja kwa moja. Hakuna. Wa nne nilishakata tamaa, na hapo hapo, shuka! Jeupe, lote, limening'inia hadi chini!

Sijui niliwezaje kukata ile kona. Niliona ukungu. Vumbi lile.

Nimeshika nafasi ya tano. Waliocheka na wacheke.

Nikashuka tu, Basualdo huyu hapa, na kipaza sauti nyuma yake. Bingwa si alisema njoo upime? Watu wakapiga makofi. Nikamwonyesha lakiri. Fundi yuko hai, nikasema, kwa sauti kubwa ili wasikie wote, haikatwi. Nikaona fahari, na nikajiona mjinga, vyote kwa pamoja.

Basualdo ni mtu wa huku, anajua adabu. Akasema sawa, basi atakwenda kumwomba mwenyewe ruhusa, ni hapo ng'ambo tu. Akavaa kofia yake vizuri, akaondoka kwa miguu. Nilimwona anaingia kwa Delmira.

Muda umepita. Nimekunywa yerba imepoa. Ringi ya dukani bado iko mfuko wa kushoto, naigeuzageuza. Nilikuwa napanga maneno ya kusema injini ikija kupimwa. Nina mengi, mazuri, ya kuchekesha.

Huyo anarudi. Naandika ili nionekane nina kazi.

Anatembea polepole. Anapita katikati ya watu na hasalimii. Jua linanipiga machoni. Ana kitu mkononi, sikioni vizuri.

Kichwani hana kofia.

Aliondoka nayo.

Na shuka limetolewa dirishani. Labda Delmira ameliondoa, limeshika vumbi. Atakuwa ameliondoa alifue.

Aje apime. Akate waya, afungue yote, aseme mbele ya mji mzima Kasuku hakushinda kitu, nitamshikia spana mimi mwenyewe. Iwe kalipa hiyo mkononi, isiwe kofia. Bado hatua chache. Iwe kalipa