Mkasi Ulipita Usoni pa Mama

Chumba cha nyuma,
Duka la Picha.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kobe,

Hujambo huko ugenini? Mgongo wako unaendeleaje? Wifi yangu na watoto wazima? Mimi nipo, ila kupanda ngazi siku hizi ni safari. Daktari ameacha kunitania, nami nimemwelewa.

Duka limefungwa. Harufu ya dawa za kusafishia filamu haijatoka ukutani, na kila nikiivuta naukumbuka ubishi wetu. Mimi na dawa yangu kali, picha ya pasi tayari kabla mteja hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Wewe na yako nyepesi, iliyokwenda polepole. "Kobe, wateja wataota mvi hapo kwenye benchi!" Nawe kutoka gizani: "Dada, wewe husafishi picha, unakaanga watu!" Baba alicheka mpaka akakohoa.

Kisha ukaondoka. Hilo bado limenikaa kooni. Mama aliugua mikononi mwangu, nawe ukaandika kuulizia ile filamu uliyompigia picha kabla ya safari. Hukuuliza kama analala usiku, wala nani anamgeuza kitandani. Filamu tu.

Nilikujibu kwamba iliingia mwanga. Nilikudanganya. Ilikuwa salama kwenye kopo lake, na imekaa humo mpaka mwezi huu. Niliogopa kuisafisha kwa dawa yako ikatoka nzuri, nikaogopa kuisafisha kwa yangu ikaungua. Basi nikaona heri tukose wote.

Juzi nilijifungia kwenye chumba cha giza. Nilitaka kuumaliza ubishi kama Baba alivyotufundisha: filamu inakatwa katikati, nusu dawa hii, nusu dawa ile. Unakumbuka sharti lake, kwamba mpiga picha aache nafasi tupu katikati ili mkasi usimguse mtu. Nilipapasa, nikakata. Nilisahau kwamba siku ile hukuwa unajaribu dawa. Ulikuwa unamuaga mama yako.

Nimezichapa picha zote. Filamu imeingia ukungu kwa kukaa, lakini tofauti inaonekana. Kwenye nusu yangu Mama ni mweupe kama sahani, hana hata kunyanzi. Kwenye yako yupo mwenyewe: kovu la kidevuni, macho ya usingizi, uzi uliochomoka kwenye kola. Umeshinda, Kobe. Nimeliandika, sitalirudia.

Picha ya katikati ni ile uliyoipiga kwa kuegesha kamera mezani, ukakimbia kuja kukaa upande wa pili wa Mama. Mkasi umepita usoni pake. Mimi niko huku na jicho lake moja, wewe uko kule na jingine.

Nakutumia nusu yako humu. Yangu siitumi kwa posta. Ukiitaka, njoo uichukue mkononi mwangu, wala usiende mwendo wa dawa yako.

Nisalimie wifi, na yule kifungua mimba wako aliyerithi masikio ya Baba. Binti yangu anakusalimu, ingawa hakujui. Mungu akulinde njiani, kama utakuwa njiani.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye pamoja na kinyongo changu chote.