Wanafunzi Wako Wamefika

9 Februari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za wote wanaokuulizia, na usidhani wamepungua. Mimi mzima, isipokuwa koo, na koo la mwalimu halihesabiwi kuwa ugonjwa. Natumai wewe hujambo na magoti yako yametulia.

Keti kwanza. Umeketi? Nakuja Ulaya.

Chuo kimoja cha huko kimekubali kupokea wanafunzi kumi wa shule yetu kwa wiki sita za kiangazi, wasome lugha na waishi kwenye nyumba za wenyeji. Mkuu wa shule aliponiuliza kama naweza kuwaandaa na kuwasindikiza, hata sikumwacha amalize sentensi. Nimeutafuta huo mji kwenye ramani. Ni saa moja tu kwa treni kutoka kwako! Tangu uondoke, miaka minane sasa, sijakuona ila kwenye kioo cha simu, nusu paji la uso na nusu dari, maana mpaka leo hujui kushika simu. Najua wewe huwezi kuja kabla makaratasi yako hayajakamilika, kwamba ukitoka huko hawatakuruhusu kurudi. Basi nitakuja mimi.

Tatizo ni hili. Natakiwa kuwaandaa watoto kwa mahali nisipopajua. Vitenzi wamevimeza vyote. Lakini jana msichana mmoja, tunamwita Redio kwa sababu akiwashwa hazimiki, ameniuliza: "Mwalimu, yule mama mwenye nyumba nitamwitaje? Nikimwita kwa jina lake si atanizaba kibao?"

Nikakohoa, nikasema somo hilo liko mbele. Niandikie, Dada. Darasa linangoja majibu, na mimi nimejifanya ninayo.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi niko salama. Magoti yanauma asubuhi, mchana yanasahau. Wewe kunywa maji ya moto na upunguze kupiga kelele darasani, hao watoto si viziwi.

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo hapa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu akanikuta nafuta macho. Akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna mgeni. Tayari nimehamisha kabati ili godoro lako lienee.

Sasa andika ubaoni. Huyo mama amwite kwa jina lake, tena jina lile la kwanza, kavu kavu, wala hatapigwa. Akiulizwa kama ameshiba, asiseme "nimeshiba" kwa adabu, maana huku ukisema umeshiba sahani inaondolewa na hakuna atakayekubembeleza. Ndani ya treni watu hukaa kimya kama wanasubiri matokeo ya mtihani, na hawajagombana. Jua la kiangazi halizami upesi, kwa hiyo waende kulala kwa saa, wasingoje giza. Mbwa analala sebuleni na ana jina. Na hicho wanachokiita kiangazi wasikiamini hata kidogo. Sweta.

Huyo Redio nimeshampenda. Niandikie mmefika wapi.

Dada yako


2 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Huku sote wazima. Koo limepona, nimefuata dawa yako.

Ungetuona ungecheka mpaka ukae chini. Kila jioni tunapanga madawati darasani yanakuwa nyumba. Mwalimu wa michezo, yule mama mwenye filimbi shingoni, ndiye mwenye nyumba. Anavaa miwani ya jua na kuwauliza kwa lugha ya kigeni aliyokariri, "Umeshiba?" Wiki ya kwanza wote walishiba. Sasa wanajibu bila haya, "Bado, niongeze." Juzi tulifanya zoezi la treni. Watoto wameketi safu mbili, kimya. Redio alivumilia, akavumilia, mashavu yakamvimba, mwisho akaruka: "Lakini Mwalimu, mtu akiwa amekaa kwenye begi langu je?" Darasa zima likaangua kicheko. Nimempa sifuri ya treni.

Mama yake alikuwa amekataa. Ni fundi cherehani, mumewe alifariki, na Redio ndiye mkubwa. Nilienda kwake mara nyingi hadi majirani wakaanza kunitania kwamba nimekwenda kuposa. Mwishoni akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwalimu, mimi Ulaya siijui. Nakujua wewe. Nakukabidhi wewe."

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa kama nimepewa uwaziri.

Wiki ijayo tunakwenda ubalozini kupeleka maombi ya viza. Usiniandalie kingi. Niandalie tu mahali pa kukaa, unisimulie tangu mwanzo.

Mdogo wako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Viza zimetoka. Watoto wote kumi wamepata, na mwalimu wa michezo, ambaye tulimwombea iwapo atahitajika, amepata. Mimi nimenyimwa. Wameandika kwamba hawajaridhika kuwa nitarudi. Sina mke, sina mtoto, sina nyumba, na nina dada huko. Hilo la dada nililijaza mwenyewe kwa furaha.

Nimerudi kukata rufaa, dirishani wameniambia haitasikilizwa kabla ya kiangazi kwisha.

Nimemwambia Mkuu kwamba safari ifutwe. Siwezi kuwakabidhi watoto wa watu kwa mtu anayejua neno "umeshiba" peke yake. Kama siendi, hawaendi. Watoto sijawaambia bado.

Samahani kwa ufupi huu. Rudisha kabati mahali pake.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na pole sana. Nimekuwa mzima, ila siku ile nilipopata barua yako sikuwa. Nilikaa kwenye godoro lako nikalia, kisha nikaamka nikaenda kazini, maana wazee hawawezi kujiosha wenyewe.

Sasa nisikilize, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Hao watoto uliwaandaa waje wasome, au uliwaandaa wakulete kwangu? Ukinijibu vyote viwili nitakuamini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nawasubiri wao ili nikupate wewe. Lakini kimoja kimekatika. Usikikate na cha pili kwa mkono wako. Hasira yako ina haki kabisa, ila imekosea mlango: waliokunyima hawatajua hata kama safari imefutwa. Watakaojua ni hao kumi.

Mwalimu wa michezo mfundishe. Una zaidi ya mwezi. Aliyeweza kuwapanga mabinti arobaini kwa filimbi atashindwa na kituo cha treni?

Na yule fundi cherehani, msomee haya:

Mama mwenzangu, hunijui. Mimi ni dada wa mwalimu wa mwanao. Nafanya kazi ya kuwatunza wazee, na ninaishi karibu na huko atakakokaa mtoto wako. Siwezi kukuahidi kwamba hataumwa wala hatalia. Naahidi kwamba nitakwenda kumwona, hata kama haumwi na hajalia, na nitakuambia nilichokiona, si nitakachoona kinafaa kukuambia.

Kabati nimeliacha palepale lilipo.

Dada yako


30 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa. Habari za kazi?

Nilikuchukia siku mbili, ya tatu nikaenda kwa fundi. Alikuwa anashona sare za shule. Nikamweleza kila kitu, cherehani haikusimama. Nilipomaliza ndipo akainua mguu.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikuikabidhi shule mwanangu. Nilikukabidhi wewe."

"Najua."

"Huyo dada yako ana watoto?"

"Hana."

"Sasa atajuaje mtoto akiwa na lake moyoni?"

Nikamsomea maneno yako. Akasema, "Rudia hapo." Nikamuuliza wapi. "Hapo pa kuniambia alichokiona." Nikarudia. Akageuka dirishani kama anatafuta sindano iliyoanguka nje.

"Mwambie hivi. Watu wanamwona mwanangu anaongea sana, wanadhani akipata shida atasema. Hasemi. Alipofiwa na baba yake alinyamaza muhula mzima. Akimwona amekuwa na adabu sana, kimya, anaitikia tu, ajue pana jambo. Aende siku hiyohiyo."

Basi wanakuja. Mwalimu wa michezo anajifunza kwa bidii hadi naogopa. Jana amemuuliza mlinzi wa shule njia ya kwenda uwanja wa ndege, kwa lugha ya kigeni, na mlinzi amemwelekeza kwa ishara.

Wanafunzi nimewaambia. Redio akauliza, "Kwa hiyo dada yako tumwite nani?" Nikamwambia, mimi kwenu ni kama baba, basi yeye ni shangazi.

Mdogo wako


12 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi nimechoka lakini mzima. Soma polepole, mwisho wake ni mzuri.

Wanafunzi wako wamefika. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Wakatoka na masweta yao shingoni, na kabla sijafungua mdomo nikasikia, "Shikamoo, Shangazi!" kwa pamoja, kama kwaya. Watu wote uwanjani waligeuka. Sikuwa nimesikia neno hilo likielekezwa kwangu tangu nizaliwe.

Juma lililofuata mwalimu wa michezo akanipigia. "Dada, Redio amezimika." Kwamba anaitikia ndiyo na asante, basi. Na kwamba wenyeji wake kila asubuhi wanamkuta amelala sakafuni ukumbini, amejifunika shuka, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba cha binti yao. Wamedhani anatembea usingizini. Chuo kilikuwa kimeita daktari na kuanza kuzungumza habari ya kumrudisha.

Nikabadilishana zamu nikapanda treni. Mwenye nyumba ni daktari wa meno, mama mrefu, macho mekundu kwa kulia. "Nimempa chumba kizuri kuliko vyote," akaniambia. "Nimekosea wapi?" Redio alikuwa ameketi mezani, amenyooka. Nikamwambia twende tukanyooshe miguu.

Nikamuuliza, "Nyumbani unalala na nani?"

"Na mama. Na mdogo wangu. Na bibi akija."

"Umewahi kulala peke yako?"

Akafikiri. "Hata nilipolazwa hospitali tulikuwa wawili kitandani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Shangazi? Wamenipa chumba kizima. Niseme sikitaki?" Kisha akaegemea bega langu akalia, na alipomaliza kulia akaanza kuongea, na hakunyamaza hadi tukarudi mlangoni.

Nikamweleza yule mama. Akanikazia macho. "Hajawahi kulala peke yake? Hata mara moja?" Nikasema hata mara moja. Binti yake, rika lilelile, alikuwa amesimama kwenye ngazi anasikiliza. Akapanda juu, tukasikia kitu kinaburutwa, kumbe anavuta godoro kwenda chumbani kwake. Siku ya pili yule mama akanipigia kulalamika kwamba sasa wawili hao hawalali kwa soga. Alikuwa anacheka.

Hili wewe hukuwafundisha, kwa sababu mimi sikukuambia. Nilikuambia kuhusu mbwa! Mwaka wangu wa kwanza huku nilipanga chumba juu ya gereji, na nilikuwa naacha bomba lidondoshe maji kidogo, ili na mimi niwe na mwenzangu mle ndani. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Mwambie fundi nimeona haya, na nimeyasema yote.

Dada yako


15 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimemsomea fundi. Alilia, kisha nilipofika kwenye godoro linaloburutwa akacheka hadi akajifunika uso kwa suruali ya mteja. Anasema asante, na ameniagiza nikuulize vipimo vyako, ukitaka kukataa nisikusikilize.

Lakini mimi nimekwama kwenye lile bomba. Miaka minane unaniandikia "mimi mzima," nami naandika "tunashukuru." Leo nakuuliza upya, na safari hii usinijibu kama barua. Hujambo, Dada?

Mdogo wako


18 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Umeniuliza nami nimechelewa kujibu, kwa kuwa sikuwa na jibu la haraka. Sijambo kazini. Sijambo barabarani, sokoni, kwenye treni. Jambo langu liko mlangoni, ninaporudi na kugeuza ufunguo, najua kila kitu ndani kiko vilevile nilivyokiacha. Ndiyo hivyo. Hakuna la zaidi, wala usihangaike.

Jumapili iliyopita walikuja kwangu wote kumi, na mwalimu wa michezo, na yule binti wa daktari wa meno. Walikaa sakafuni, kitandani, kwenye beseni. Wavulana wawili wakanitengenezea dirisha lililokuwa halifungi. Niliporudi kutoka kazini Jumatatu nilikuta nimebaki na soksi tatu, hakuna inayofanana na mwenzake.

Jana nimewasindikiza. Wamejifunza kusema kwa ufasaha, utajionea. Mwalimu wa michezo naye amegombana na mpakia mizigo kwa lugha yao na ameshinda. Wakapanga foleni, wakaniaga mmoja mmoja kwa mikono miwili. Walipofika pale ambapo sisi wa kubaki haturuhusiwi kuvuka, Redio akageuka. Akadhani nimepitwa na foleni kwa bahati mbaya. Akaacha begi lake, akarudi mbio akanishika mkono.

"Shangazi, mbona umesimama? Twende."

Huku nimeshaambiwa "karibu" mara nyingi, na watu wazuri, kwa moyo. Lakini "twende" sikuwa nimeambiwa na mtu. Askari alikuwa anatutazama, foleni imesimama, mwalimu wa michezo ameshika filimbi yake. Ningeweza kumweleza habari za makaratasi. Nilimrekebishia kola ya sweta, nikamwambia, "Tangulia, nakuja."

Akaridhika, akaenda. Wakifika, usije ukamwambia kwamba nilimdanganya. Sina hakika kama nilimdanganya.

Dada yako