Mama Alipohamia Tezi

Pate,
18 Rajabu 1329.

Mpendwa kaka Athman,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe? Na mkeo Bi Ummu hajambo, kile kikohozi chake kimepoa? Na wanao je, yule mdogo ameshatembea au bado anamshika mamake nguo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila miguu imevimba na mgongo hauniachi nilale. Mama pia ni mzima, na sauti yake ndiyo nzima zaidi.

Barua yako iliyokuja na meli tumeipata. Niliisoma mwenyewe kule Amu, mtaa wa Langoni, nyumbani kwa mama mdogo Alawiya, na Mama akanitaka niirudie polepole. Nilipomaliza aliikunja, akaitia chini ya mto, akauliza kama kahawa iko tayari. Nikajua mambo yamekuwa mambo.

Umesema watu wa meli wamekuhadithia huko forodhani Unguja kwamba mume wangu Muhdhar nusura atuzamishe kwenye mlango wa bahari wa Shela, na kwamba tangu sasa mimi na Mama tusitie mguu katika mashua yake. Wewe ndiye mkubwa wetu tangu Baba alipofariki, na neno lako lina uzito. Lakini kaka, limekuja wakati mbaya. Mimba yangu imeingia mwezi wake, na ni ya kwanza. Unajua kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, na kwa mama ni Pate, si Shela kwa mume.

Utasema tungepanda chombo cha mtu mwingine. Nani Amu nzima atakubali kumvusha mke wa nahodha mwenzake, na mumewe yuko hai, mashua yake iko pwani inaelea? Wangesema nimeachwa. Kwa hiyo sikiliza habari kwa mtu aliyekuwamo. Lisemwalo lipo, nakubali, ila wewe hukuambiwa lote.

Ilikuwa safari ya harusi ya Tima, binti wa mama mdogo Alawiya. Mimi na Muhdhar tulikuja Mtangawanda, bandari ya Pate, kumchukua Mama. Siku zile yalikuwa maji mafu, na kule Mkanda, katika ile njia ya ndani ya mikokoni, hapakuwa na maji ya kupitisha mashua yenye mzigo. Muhdhar alitaka tungoje maji yapate nguvu. Mama akasema akingoja atafika kula makoko ya harusi. Basi tukashika njia ya nje, ya bahari kuu.

Mama alipopanda alitaka pazia lake la kujisitiri lifungwe omo, mbele kabisa, kwa sababu nahodha hukaa nyuma na mama mkwe hakai karibu na mkwewe. Tangu siku ya ndoa hao wawili hawakuwa wamesemezana uso kwa uso. Maneno yao yote yalipitia kwangu, na wakati mwingine yalinichosha kuliko kutwanga. Muhdhar alilitazama pazia, akaitazama mikeka na makapu ya nazi yaliyokuwa huko huko mbele, akaenda kutweka tanga.

Upepo ulitulegea njiani, hata tulipofika mlango wa Shela maji yalikuwa yameanza kutoka. Maji yakitoka na upepo wa kusi ukiingia, hugombana pale pale juu ya fungu la mchanga, na mawimbi husimama na kuvunjika. Nimeolewa na nahodha, hayo nimeyasikia kila siku mpaka kwenye chakula. Mtu hungoja nje maji yaanze kujaa. Akilazimika kuingia, huyatazama mawimbi mpaka makubwa yapite, kisha hufuata mgongo wa la mwisho, tezi yake, yaani nyuma ya chombo, ikilielekea linalokuja. Na abiria wote huhamia tezi, omo liwe jepesi. Omo likiwa zito huchimba maji, mashua hugeuka ubavu, na wimbi linalofuata humaliza kazi.

Muhdhar aliizuia mashua nje ya mlango, akamwambia Barka, baharia wake, kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia:

“Mai yatoka, Barka. Mwenye akili hungoja yaanze kuya.”

Barka aliyajua hayo kabla Muhdhar hajaota ndevu. Aliyekuwa akiambiwa ni Mama, na Mama alisikia. Akanigusa bega.

“Mwambie mumeo, arusi haingoji mai.”

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kaka. Angekuwa abiria mwingine, Muhdhar angemwambia ashuke aogelee. Kwa Mama hakuweza. Alishika usukani, akasema Bismillahi, akaingia.

Wimbi la kwanza lilitupita salama. La pili lilituinua nyuma, na omo likazama mpaka maji yakaingia juu ya ubao. Makapu yakaelea, nazi zikawa zinagongana miguuni. Barka alifua maji kuyatoa nje bila kuinua kichwa. Muhdhar akaniita nije nyuma, “Radhiya, ndoo tezi!” Nikaenda kwa magoti. Lakini mimi unanijua, hata na mimba sijazi kiti. Mama unamjua pia.

Muhdhar alilitazama pazia. Wallahi nilimwona uso, na nilimjua: alikuwa radhi kufa kuliko kumwambia mama mkwe ainuke aje akae miguuni pake. Nilitaka kumwita mimi, ila nilikuwa nimeshiba maji ya chumvi na sauti haikutoka. Niliogopa. Nililishika tumbo langu na sikufikiri jambo jingine lolote.

Mama hakuitwa na mtu. Pazia lilishuka lote na kamba yake, naye akatoka humo kwa magoti juu ya mikeka iliyolowa, leso imemnata kichwani, mpaka nyuma. Akakaa, mgongo umemgusa Muhdhar magoti.

“Yeo mimi si mkweo,” akasema. “Mimi ni shehena. Niweke utakapo.”

“Nyuma zaidi, Mama,” Muhdhar akamjibu. “Shika hapo, usiwate.”

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyopata kumwambia. Wimbi la tatu lilikuja kubwa kuliko yale mawili, likatuinua, na omo likabaki juu. Likatupita. Barka akacheka peke yake, sijui kwa nini. Tukaingia.

Pwani ya Shela watu waliona mashua imejaa maji, mikeka imeharibika, na Mama, Bi Saadiya, bila pazia, ameegemea magoti ya mkwewe. Hayo ndiyo yaliyokufikia Unguja. Yaliyotangulia hakuna aliyeyaona isipokuwa sisi wanne.

Muhdhar hakuja kwenye walima. Alijifungia kwa haya, akasema ana homa. Mama akampelekea sinia la pilau, akalisimamia mwenyewe lilipopakuliwa, na kipande cha mguu wa mbuzi kikawa chake. Homa ikapona.

Tima anakaa vizuri na mumewe Kamaludin, ingawa huyo kijana anakula kama wanaomkimbiza wako nyuma yake. Huku Pate tumbaku ni nzuri mwaka huu. Paa la ukumbi linavuja pale pale ulipoahidi kulitengeneza. Ndoo inayokinga maji ni ile ile uliyoiacha, na Mama huwaonyesha wageni.

Sasa rudi juu ya barua hii, usome nilipoandika mahali. Ndiyo kaka, ni Pate. Tumefika juzi, katika mashua ya Muhdhar. Safari hii alisema tungoje bamvua, maji makubwa, na Mama akangoja kimya Langoni, akisuka ukili, bila kuulizia hata mara moja. Tulipita Mkanda maji yamejaa, yametulia kama ya birikani. Pazia lilifungwa tezi. Mama alikwenda kukaa huko kabla hatujang’oa nanga, na njia nzima alimuuliza Muhdhar jina la kila kijito. Mimi nililala. Hakuna aliyenihitaji.

Najua utakasirika kwamba hatukungoja idhini yako. Jibu lingekuja na meli, na huyu aliye tumboni hajui saa za meli. Nawe ndiwe uliyenifundisha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Nilimuuliza Mama kama ana neno nikuandikie. Akasema, nami naliandika lilivyotoka kinywani mwake: “Mwambie Athman, Muhdhar alinionea haya, hakuthubutu kuniamuru nami nimo chomboni mwake, nusura tufe. Yeye yuko Unguja, hayui kama mai yatoka au yaya, na ameniamuru.”

Hakulisema kwa hasira, kaka. Alikuwa akinikanda mgongo.

Nisalimie Bi Ummu na wanao, na wote wanaoniulizia. Mama mdogo Alawiya, Tima na Barka wanakusalimu. Muhdhar anakusalimu pia. Hajui kwamba nimekuandikia haya, basi ukimjibu usimtajie pazia. Niombee nijifungue salama, nami nakuombea kwa Mola kila mlango utakaouingia uukute una maji ya kutosha.

Wako akupendaye, hata ukikasirika,
Nduguyo Radhiya